Mechi ya Mwisho Ndani ya Fungate Yangu

Mume wangu nilimjua kwa fulana kabla sijamjua kwa sura. Wakati huo nilikuwa mwari wa ndani, sitoki ila kwa buibui, mama mbele na shangazi nyuma, na vijana wa timu ya mtaa wetu nilikuwa nikiwasikia tu wakipiga domo barazani. Lakini fulana zao zote zilipita mikononi mwangu, maana kaka yangu ndiye aliyekuwa kapteni, na kapteni asiye na mke humtwika mzigo dada yake. Mimi sikuulizwa. Jumamosi magharibi gunia lilitupwa uani, kaka akasema, "Zatakikana Jumatano," akaenda zake kuoga.

Tulikuwa daraja la pili katika ligi ya Mombasa. Nalisema mapema asije mtu akadhani najisifu. Wa daraja la kwanza walicheza na viatu vya njumu, na siku zao pembeni mwa uwanja hupangwa viti vya wakubwa. Sisi tulicheza miguu mitupu, pale pale Makadara, na kabla ya mpira kuanza lazima mtu awafukuze mbuzi. Nasema "sisi" kana kwamba nilipata kuupiga mpira hata siku moja. Lakini kaka aliponibishia neno hilo nilimwambia basi na acheze kifua wazi tuone.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na nguo zilikuwa adimu. Kitambaa cha marekani tulipata, kile cheupe cha kutengenezea foronya za mito, ila rangi haikupatikana duka lolote. Mama akasema rangi ziko jikoni bwelele, mnatafuta nini madukani. Akachemsha manjano sufuria nzima, akatumbukiza fulana zote, na zilipokauka juu ya sakafu ya paa zilipendeza kwelikweli. Wiki ya kwanza nikazifua kwa sabuni ya mche. Ee Mola wangu, zikageuka nyekundu mikononi mwangu, wekundu wa mate ya tambuu. Kaka aliziona akakaa kitako uani. Mama ndiye aliyekamua ndimu ndani ya beseni akazitia tena, na rangi ikarudi kama mwanzo. Tangu hapo nikawa nazifua kwa maji matupu na kuzisuuza kwa maji ya ndimu, na uwanjani timu yetu ikaitwa Wapishi. Vijana wa Majengo wakiwaona wanaingia huuliza biriani iko wapi.

Fulana ya kipa ilikuwa ya mikono mirefu. Zingine zote zilikuja zimesokotana, zina matope, zina majasho, moja mara kwa mara ilikuwa na kipande cha muhogo mfukoni, na mwenye fulana hiyo sijui mfuko aliutaka wa nini. Ya kipa ilikuja imekunjwa. Chafu kuliko zote, maana yeye ndiye wa kujitupa chini, lakini imekunjwa vizuri, mikono imewekwa nyuma. Viwiko vilikuwa vikitoboka kila mechi. Nikavitia kiraka cha nguo maradufu, na ndani nikaweka pamba kidogo ili asiumie. Hakuna aliyeniagiza. Nilijiambia tu kwamba huyu amelelewa na mtu.

Mpira wenyewe niliufuata kwa masikio. Dirisha letu la juu lilielekea upande wa uwanja, na saa za alasiri upepo ukiwa upande wetu zilikuja kelele zote. Nilijifunza kuzisoma. Wakifunga wetu, sauti ilianza na watoto halafu ikaja ya wakubwa. Wakifungwa, kulikuwa na kimya kidogo, halafu zikaja kelele nzito kutoka ng'ambo ya pili. Na kipa akidaka mpira mgumu watu walisema "aaah" ya pamoja, ndefu, ya kushusha pumzi. Hiyo ndiyo niliyoipenda.

Sikuwa peke yangu dirishani. Ng'ambo ya kichochoro alikaa jirani yetu, mama mmoja mjane, na dirisha lake na letu yalikaribiana hata tukipeana chumvi bila kushuka ngazi. Mwanamke huyo hakuwa mbaya. Lakini kila lililotokea mtaani alilifasiri, na akishalifasiri yeye, limekwisha, wewe mwenyewe uliyetendewa huna la kusema. Alikuwa na jina la kila mtu. Palikuwa na bibi mmoja mtaa wa pili ambaye jikoni kwa wakweze paliwaka moto siku chache baada ya harusi yake. Jirani akamwita Kiberiti. Yule bibi alizaa, akaozesha, akapata wajukuu, na aliitwa Kiberiti mpaka siku anazikwa.

Msimu ule ulitwendea vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Tuliwafunga vijana wa Feri siku ambayo nusu yao walichelewa kwa kuwa chombo kiliharibika Likoni. Tulifungwa na timu ya karakana, na kaka hakula chakula cha usiku. Liwatoni, wale wanaume wa mashua na samaki, walikuja na vifua vyao vipana wakatupiga mateke alasiri nzima, na mwisho wakapata penalti. Nilisikia kimya. Halafu nikasikia ile "aaah". Gunia lilipokuja jioni nilianza na fulana ya mikono mirefu, nikaikuta ina damu begani. Niliifua kwanza, peke yake.

Mwezi wa Ramadhani mechi zilisimama. Baada ya Idi zikarudi, na ikawa tumebaki sisi na Majengo tu pale juu, na mmoja wetu ndiye atakayepanda daraja la kwanza. Mechi ya mwisho ilikuwa ni sisi kwa wao. Sisi sare ingetutosha.

Ni katika siku hizo kaka alipokuja uani, akazunguka zunguka, akashika ndoo, akaiweka, halafu akamwambia mama kwamba rafiki yake mmoja anataka kuleta posa. Mama akauliza ni mtoto wa nani, afanya kazi gani. Kaka akasema ni fundi wa kuchonga milango, anafanya kazi na baba yake. Mimi nilikuwa nasuuza. Nikauliza bila kuinua kichwa, "Ndiye anayekunja fulana?" Kaka akanitumbulia macho. "Umejuaje wewe?" Mama akacheka mpaka akaketi, na posa ilipokuja haikuwa na matata.

Sasa hapa ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo wangelifanya watu wa mji ule tu. Mwalimu aliyetutazamia siku alisema Jumatano, Mfunguo Pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku kadhaa baada ya mwezi kuandama. Mechi ya mwisho ilikuwa ichezwe zamani kabla ya hapo. Vuli ikanyesha, uwanja ukawa ziwa, mechi ikasogezwa. Ikanyesha tena, ikasogezwa tena. Kamati ya ligi ilihesabu kwa kalenda ya Kizungu iliyotundikwa ofisini. Mama na wakwe walihesabu kwa mwezi wa juu. Kaka alikuwa na tarehe zote mbili kichwani mwake, moja upande huu na moja upande ule, na hakuna siku hata moja aliyozikutanisha. Zilikutana zenyewe wakati halwa imekwisha kuagizwa na kadhi amekwisha kuambiwa. Mechi iliangukia Jumamosi, siku ya nne ya fungate.

Kwa asiyejua desturi zetu za zamani, bwana harusi huingia nyumbani kwa kina bibi harusi, na hapo hukaa siku saba. Hendi kazini, hendi sokoni, haonekani barazani. Hulishwa, hufukizwa udi, hupumzishwa. Somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda, hulala mlangoni mwa chumba na ndiye mwenye amri. Mtu akitoka fungateni kabla ya siku zake, watu hawaulizi anakwenda wapi. Huuliza amekimbia nini.

Basi tuliingia fungateni. Siku ya kwanza tulioneana haya tu. Kuliletwa mahamri na mbaazi, kukaletwa kuku wa kupaka, kukaletwa mkate wa mayai, naye alikuwa akila kidogo na kunisogezea mimi finyango zuri. Mikono yake ilikuwa mipana, ya fundi, ina makovu ya patasi. Siku ya pili akaniuliza, akitazama chini, "Ile pamba ya viwikoni ni wewe uliyeitia?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Mbele za watu nilikuwa najitupa zaidi kuliko inavyotakikana. Nilijua siumii." Nilicheka nikajifunika uso kwa leso. Tangu hapo tulizungumza mpaka sauti zikatukauka, na mimi ndiye niliyezungumza zaidi.

Kuhusu mechi hakusema kitu. Nami nilijua siku. Nilikuwa nazihesabu fulana kichwani.

Ijumaa baada ya sala kaka alikuja. Hakuingia, alisimama ukumbini na kofia yake mkononi, somo akamtokea. Mimi na mume wangu tulikuwa nyuma ya pazia.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Una nini?"

"Nimekuja kumwazima bwana harusi. Kesho, alasiri tu."

"Bwana harusi si sufuria," somo akasema.

Kaka akamweleza. Kipa wa akiba alikuwa mwanafunzi wa fundi cherehani, kijana mwema, ila mpira ukimjia huupisha. Akamweleza habari ya daraja la kwanza, na Majengo, na mwaka mzima. Somo alimwacha aseme yote. Halafu akasema hajapata kusikia, tangu azaliwe, mtu kutolewa fungateni kwa ajili ya mpira, na bwana harusi hutoka kwa maiti au kwa moto. Mama akaja, naye akasema hivyo hivyo kwa maneno mengi zaidi. Kaka akainua sauti kuelekea pazia. "Shemeji, nawe sema."

Mume wangu akajibu pale pale alipoketi. "Mimi mgeni wa nyumba hii. Sina kauli. Muulizeni mwenyewe."

Mwenyewe ndiye mimi. Wote wakaligeukia pazia. Nikasema nitatoa jibu baada ya magharibi.

Nieleze lililonikaa shingoni, maana kijana wa leo aweza kudhani ni jambo dogo. Akitoka, jirani wa dirishani atasema bwana kamkimbia bibi siku ya nne, kuna alichokiona. Asipotoka na timu ikafungwa, atasema bibi kamfungia kipa wa watu chumbani. Akitoka na bado wakafungwa, basi mguu wangu ni mbaya, nimeingia na nuksi, na jina nitalopewa nitazeeka nalo. Nilimwona Kiberiti akipita kichwani mwangu na kikapu chake. Jina langu ndilo lililokuwa uwanjani siku ile, na mimi siruhusiwi hata kusimama pembeni nikaangalia.

Nilimwuliza mume wangu, "Wataka kwenda?"

"Nataka," akasema. "Lakini sitaki kwenda ukasemwa."

"Na ukikaa hutaninunia?"

Akafikiri kidogo. "Nitanuna. Ila nitanuna nikiwa hapa hapa."

Nikampenda pale. Nasema wazi, sikungoja mwaka wala mtoto wa kwanza, nilimpenda pale pale juu ya kitanda cha samadari na sahani za halwa zikiwa kati yetu. Na baada ya hapo nikashikwa na hasira. Sikumkasirikia yeye wala kaka. Niliwakasirikia watu ambao hata neno bado hawajasema. Nikamwita somo nikamwambia, "Kama nitasemwa akienda, na nitasemwa akikaa, basi nisemwe mume wangu akiwa langoni kwake."

Somo alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye macho ya kuchekacheka, na alikuwa ameozesha nusu ya mji. "Vyema," akasema. "Lakini hatoki kama mwizi. Atatoka bwana harusi na atarudi bwana harusi. Watu wamwone, wamnuse, wajue ametumwa na mkewe."

Akafanya kama alivyosema. Jumamosi baada ya adhuhuri alileta kanzu ya harusi na kofia ya viua, na chini ya kanzu mume wangu akavaa fulana ya manjano ya mikono mirefu, niliyoifua mimi wiki ya harusi, nikiwa na hina mikononi. Somo akamfungia kikuba cha asumini kifuani. Akafukizwa udi mpaka chumba hakionekani. Halafu somo akatoa kibakuli cha mafuta ya harusi, mafuta ya ufuta yaliyolowekwa asumini na karafuu na mawaridi siku nyingi, yale mazito. Akanipa. "Mchue mwenyewe," akasema. "Shingo, mikono, mpaka ncha za vidole. Bwana harusi hatoki mkavu."

Nikamchua. Nilifurahi kumchua, sikuwa nimewahi kumshika mkono mchana kweupe mbele ya mtu. Nilimpaka kiganja kimoja, nikampaka cha pili, kila kidole. Yeye alivitazama viganja vyake. Akafungua kinywa, akamtazama somo, akanitazama mimi. Halafu akasema, "Yananukia," na akavaa viatu vyake vya makubadhi.

Somo alimtoa kwa vigelegele. Wanawake wa nyumba yetu walimfuata kwa mabuibui yao mpaka pembeni mwa barabara, na hapo vijana wakampokea kwa vifijo kama walivyomleta usiku wa harusi. Jirani alikuwa tayari yuko dirishani. "Jamani, bwana harusi atoka? Kwema?" Somo akamjibu kutoka chini kichochoroni, kwa sauti ya kusikika mitaa mitatu, "Kwema kabisa. Bibi harusi kamtuma mpirani. Akirudi atamtuma sokoni." Wanawake wakafa kwa kicheko, na mimi juu nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

Halafu nikakaa dirishani kusikiliza. Mvua ilikuwa ikinyunyiza, nyepesi nyepesi. Nilisikia "aaah" moja, nikasikia ya pili. Katikati kulikuwa na mapumziko, watu walipoa, akapita muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Jirani akaniambia, "Mumeo yuko vizuri leo." Nikamshukuru kwa adabu. Kipindi cha pili kelele zikawa za upande wa Majengo tu, zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, na kila zikipanda nilishika chuma cha dirisha. "Aaah" nyingine. Jua likaanza kulala. Nilijua hazibaki dakika nyingi, na sare ingetutosha.

Kisha kikaja kimya. Nilikijua kimya kile. Halafu zikaja kelele nzito kutoka ng'ambo ya pili, na hazikwisha.

Jirani alifunga nusu ya dirisha lake, akabaki nyuma ya nusu ya pili.

Vijana walirudi bila ngoma. Walikaa barazani kwetu, chini ya dirisha, wengine wamesimama, na nilisikia kila neno. Wakasema mpira ulikuwa wa mbali na wa polepole. Wakasema kipa alikuwa kisha ameushika, ukamponyoka. Wakasema mpira ule hata mtoto wa chuoni angeudaka. Kaka yangu hakusema lolote, na mimi nikaona angeweza kusema. Kisha mmoja wao, sauti yake naikumbuka ingawa jina lake silitaji, akasema, "Semeni kweli. Mwaka mzima hakufungwa goli la kijinga. Ameoa, siku ya nne tu, mambo haya. Mguu mwingine huingia na balaa."

Basi, limekwisha semwa. Nilimtazama jirani ng'ambo, nikamwona kidevu chake kimeinuka, anangoja apate neno la kulifungia.

Sauti ya mume wangu haikuwa kubwa. Alisema, "Mke wangu msimtaje. Goli ni langu. Mpira unakuja mimi nawaza nyumbani. Nilikuwa nimesimama pale, roho yangu iko ndani. Nilikuwa naomba tu mpira uishe nirudi."

Mwanamume hakuwa akisema maneno yale, si barazani, si mbele ya wanaume wenzake, si baada ya kuwapotezea daraja la kwanza. Halafu mtu mmoja akacheka, na wa pili, na wakacheka wote, kicheko cha uchungu kwanza, halafu cha kweli. "Roho Iko Ndani," mmoja akasema. "Haya, Roho Iko Ndani, panda juu basi, usije ukatufia hapa." Wakamsukuma mlangoni.

Jina lile lilimganda. Aliitwa Roho Iko Ndani uwanjani, aliitwa hivyo kazini, wateja waliotaka mlango walikuja kumwulizia kwa jina hilo. Alikuwa mzee wa mvi na watu walimwita hivyo msikitini. Hakuna tena aliyesema mguu wangu ni mbaya. Jioni ile ile, ng'ambo ya kichochoro, nilimsikia jirani akimwambia mtu aliye ndani, "Mwanamke yule kampata mume," na lilikwisha hapo, maana yeye alikuwa amekwisha kulifasiri. Timu ilibaki daraja la pili mwaka ule, na mwaka uliofuata, na fulana niliendelea kuzifua mimi.

Jioni ile mume wangu alipanda ngazi kanzu ameikunja mkononi. Somo akaleta beseni la maji na ndimu, kama desturi, akatoka akavuta pazia. Nilimwambia nipe mikono nikunawishe. Akasita. Nikaivuta.

Viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka. Ngozi imetoka, na mchanga umeingia ndani ya nyama, chini ya kucha, kati ya vidole, mchanga uliogandana na kitu cha kunata. Alikuwa ameisugua ardhini. Alasiri nzima, kila mpira ukienda mbali, alikuwa akijiinamisha golini na kuisugua mikono yake mchangani, na mvua inanyunyiza, na mafuta hayatoki. Nilikiinua kiganja puani. Bado kilinukia asumini na karafuu.

Alijua tangu wakati ule alipoangalia viganja vyake chumbani. Alijua, akaona mkewe anafurahi, akasema yananukia.

"Ni mafuta," nikamwambia.

"Mafuta gani?"

"Umewaongopea watu."

"Sikuwaongopea," akasema. "Mafuta yalikuwa mikononi. Roho ilikuwa hapa."

Nikakata ndimu nyingine, nikamwambia itauma. Akasema anajua, akanipa na mkono wa pili.